Vijana wa Kando ya Ziwa na Majaribu ya Kila Siku



Tumepewa dakika 15 baada ya sala hii ya Alasiri ili tuzungumze juu ya kijana na majaribu. Kwa kawaida mada hii husemwa na watu wazima, nasi hukaa nyuma tukisikiliza tunavyoelezwa. Leo tumetakiwa tujieleze wenyewe. Sisi ni wanafunzi watano wa sekondari, sote tumezaliwa baada ya mwaka 2007, wengine tukikaa Igoma, wengine Mabatini na Kirumba. Hotuba hii tumeiandika pamoja, hivyo tukisema "sisi" mjue kwamba hatusemi hivyo kwa ajili ya adabu, bali ndivyo mambo yalivyokuwa.

Tulipokuwa wadogo madrasani tulidhani kwamba Shetani akija atajulikana tangu mbali. Kumbe huja kwa sura ya mwenzako aliyekulipia nauli ya daladala jana. Huyo hakwambii uache dini. Hukwambia tu, "Njoo tuangalie mpira, nusu saa, kisha tunarudi." Ukikataa, hupigwi wala hutukanwi, unaitwa "ustaadhi," na darasa zima hucheka. Tumelifikiri sana jambo hili, kwani jina ambalo wazee wetu hulipata kwa kusoma miaka mingi limekuwa kwetu jina la dhihaka, na kijana wa miaka 16 yu tayari kufanya mengi ili asiitwe hivyo. Sisi tulifanya.

Tunakiri mbele yenu kwamba mwaka jana, Ijumaa zisizopungua sita, tuliomba ruhusa ya kwenda kuswali, mwalimu akatupa kwa moyo safi, naye si Mwislamu, nasi hatukufika msikitini. Tulishuka hadi karibu na kivuko cha Kamanga, tukakaa juu ya mawe tukiyatazama maji na lile jiwe la Bismarck, halafu tukaingia kibanda umiza. Mwalimu yule alituheshimu kuliko tulivyojiheshimu sisi.

Kibandani humo ndimo tulimojifunza kubeti. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18, lakini hakuna aliyetuuliza umri. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja jina, aliweka shilingi 1,000 akapata 18,000. Siku hiyo alitununulia wote chipsi na soda, tukampigia makofi. Karatasi ile vijana wa mjini huiita "mkeka." Mkeka tuliolelewa nao sisi ni wa kuswalia, na hata neno hilo halikutushitua.

Mama yake mwenzetu huyo huuza dagaa. Huwachukua mwaloni Kirumba alfajiri, pale wanakokuja hata wafanyabiashara kutoka Burundi na Kongo, kisha huwauza kwa vipimo mtaani. Mtaji wake huuweka kwenye simu. Kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, mwanawe ndiye aliyemsomea ujumbe, na ndiye aliyejua namba ya siri. Mtoto alitoa shilingi 5,000 akakosa. Akatoa 10,000 ili azirudishe zile 5,000. Katika wiki tatu zikaondoka shilingi 70,000.

Asubuhi moja mama alifika mwaloni, akachagua gunia lake, akakuta salio halitoshi. Alirudi mtaani akamwendea binti wakala wa pesa, akamlaumu mbele ya watu kwamba amemwibia. Binti alilia. Alifungua daftari lake akaonyesha kila mstari, na watu bado walimwangalia kwa jicho baya. Mwenzetu alikuwa amesimama pale pale, akimshikia mama yake ndoo. Hakusema neno. Jioni alitueleza, na sisi wanne, tuliokula chipsi zile, tulimshauri anyamaze.

Ndugu wapenzi, kupoteza fedha ni kosa. Kumwacha asiye na hatia abebe jina la mwizi ni kosa la namna nyingine. Kurani Tukufu katika Sura Al-Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi, nasi aya hiyo tuliihifadhi kabla ya kumaliza darasa la tano. Elimu hatukuikosa. Tuliogopa kuchekwa, basi.

Alinyamaza siku nne. Usiku wa siku ya tano, baada ya Isha, alimwambia baba yake. Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Sote tulitazamia fimbo. Mzee alikaa kimya muda mrefu, akatoka nje, aliporudi akasema, "Kesho hakuna mbalamwezi. Twende wote ziwani."

Walio wa visiwani wanajua uvuvi ule. Hufanywa usiku wa giza, kwani mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki penye taa. Zamani zilitumika karabai, siku hizi wengi wana taa za umeme wa jua. Taa huelea juu ya maji, dagaa huijia kwa maelfu, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwenzetu alidhani ameletwa kuonyeshwa mfano, na pengine ndivyo. Lakini mzee hakutoa mfano wowote. Wakiwa wanasubiri alimweleza kwamba yeye mwenyewe, akiwa kijana kambini huko Ukerewe, alimaliza mapato ya msimu mzima kwa karata na gongo, akarudi nyumbani akadanganya kwamba ameibiwa. Marehemu babu aliamini mpaka kufa kwake. "Mimi sikupata nafasi ya kumwambia," alisema, "wewe umeipata."

Asubuhi baba, mama na mtoto walikwenda kwa yule binti wakala. Mama aliomba radhi kwa sauti, mahali pale pale alipomlaumia.

Wazee wetu, hapa ndipo tulipo na ombi, na mtuwie radhi kama tunavuka mpaka. Mnatuuliza kila siku, "Umeswali?" Nasi tunajibu, "Nimeswali." Basi mazungumzo yamekwisha, kila mtu ameshika simu yake, na baba naye ana yake. Katika Kurani Luqmani anamsemesha mwanawe kwa upole, anamweleza sababu. Nabii Yusufu (a.s.) alipofungiwa milango alikuwa kijana, peke yake, katika nchi ya ugeni; lakini kabla ya hapo alikuwa mtoto aliyeweza kumwendea baba yake na kumsimulia hata ndoto yake. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwasimulia baba zao ndoto zao, sembuse makosa?

Dada zetu wametuomba tuseme neno moja, nalo ni zito. Wao wakichelewa dakika kumi huulizwa. Sisi tukirudi saa nne usiku, chakula kimewekwa. Na wale wanaouza mialoni hukutana na watu wazima wanaowapa samaki kwa mkopo kwa nia wanayoijua wenyewe. Tangu mwaka 2016 sheria inamhukumu anayempa mimba mwanafunzi kifungo cha miaka 30, lakini binti huogopa kusema nyumbani kwa sababu swali la kwanza atakaloulizwa ni, "Ulikuwa unafanya nini huko?"

Kwa vijana wenzetu tunaongeza hesabu ndogo, kwani wengine hujidanganya kwamba ni suala la akili. Chukua mechi 10, kila moja uwe na nafasi nusu ya kupatia. Zidisha nusu kwa nusu mara kumi: utapata nafasi 1 katika 1,024. Mwenye duka ameifanya hesabu hiyo kabla yako, na malipo ameyapanga chini yake. Anajua kwamba atabaki na fedha hata wewe ukishinda leo, maana utarudi kesho, kama alivyorudi mwenzetu.

Hivi sasa tunakwenda Ijumaa sote watano, na mwalimu tumemweleza ukweli. Alikasirika, kisha akaturudishia ruhusa. Darasani bado tunaitwa maustaadhi, na kusema kweli bado inauma.

Deni la mama tunalilipa pamoja, kwani chipsi tulikula pamoja. Siku za likizo tunaanika dagaa na kubeba magunia pale mwaloni. Hadi juzi tumerudisha shilingi 48,000. Zimebaki 22,000, na yule binti wakala ndiye anayetuandikia katika daftari lake kila tunapoleta.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.