Kiatu Imara ni Kinga

Leo tunazungumza juu ya viatu.

Huenda mama ukauliza, viatu na afya vinahusianaje? Wakati wa kiangazi, funza hukaa vumbini na kuingia vidoleni na kisiginoni. Mvua za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, viluwiluwi vya minyoo ya safura hupenya ngozi ya unyayo kutoka kwenye udongo uliolowa. Minyoo hiyo hunyonya damu, mtoto akawa mchovu darasani. Miiba na misumari yaweza kuleta pepopunda. Na shambani yuko kifutu, nyoka anayelala kimya mpaka akanyagwe.

Kwa hiyo, unapokwenda sokoni, iwe ni kiatu kipya au cha mitumba, fanya hivi:

Kwanza, tazama soli. Iliyoshonwa kwa uzi hudumu kuliko iliyobandikwa kwa gundi peke yake. Kunja kiatu: kikiachana au kikionyesha nyufa, kirudishe.

Pili, tia mkono ndani. Ukigusa msumari au mshono mkali, hicho kitamtoa mtoto malengelenge.

Tatu, nenda na mtoto mwenyewe, tena alasiri, kwa maana miguu huvimba kidogo mchana. Asimame. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Kinachobana huumiza, na kikubwa mno humwangusha.

Usidanganywe na bei. Kiatu kinachopasuka kila muhula ni viatu vitatu kwa mwaka. Rahisi huvunja upishi. Mguu wa mtoto hukua, lakini kiatu imara kitamfaa mdogo wake, mradi ukioshe, ukianike na kumpima nacho kwanza.

Akala ni ngumu na huzuia miiba, ila huacha vidole wazi kwa funza na nyoka. Kwa kulima na kuchota maji wakati wa mvua, gambuti ni bora. Jozi nzuri itakutumikia miaka mingi ukiiosha matope na kuiweka kivulini, maana jua kali hupasua mpira. Ikung'ute kila mara kabla ya kuvaa. Nge hupenda kujificha humo.

Kiatu cha ngozi kikilowa, usikianike karibu na moto, kwani ngozi hukauka ikakatika. Kijaze magazeti, kikauke polepole, kisha ukipake rangi. Uzi ukianza kufumuka, mpelekee fundi mapema.

Lakini kiatu peke yake hakitoshi. Kila jioni, osha miguu ya mtoto kwa sabuni, kausha katikati ya vidole na uikague. Ukiona funza, mpeleke zahanati. Usitumie pini moja kwa watoto wawili, kwa maana huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Tumieni choo, na mtoto apate dawa ya minyoo. Akiumwa na nyoka, usimchanje wala usimfunge kamba. Atulizwe, na apelekwe hospitali mara moja.

Mama, kagua viatu vyote vya nyumbani leo jioni, vyako pia.