Nani Atatusemea Mezani?

Hotuba kwa wanaharakati na waumini, Kakamega



Kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa Desemba 1991, tulirudishiwa haki ya kuchagua vyama. Lakini zipo meza ambazo kura yetu haifiki, ambako madeni, bei na misitu ya mataifa hujadiliwa. Uchungu wake tuliuonja: mwaka 1989, enzi ya masharti ya Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wagonjwa walianza kutozwa ada hospitalini, wala hatukuulizwa.

Aendaye mezani bila maarifa huenda kutia sahihi tu. Ndiyo sababu tunavihitaji vituo vya utafiti wa sera. Marehemu Profesa Calestous Juma, mwana wa Busia, jirani zetu, alianzisha Nairobi mwaka 1988 kituo cha ACTS, kichunguze jinsi teknolojia, uchumi na mazingira vinavyofungamana. Mkataba wa Bioanuwai ulipokwisha kutiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka 1992, yeye ndiye aliyeongoza sekretarieti yake tangu 1995 hadi 1998. Mkataba huo unakiri kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya maliasili yake, na kwamba faida yapasa kugawanywa kwa haki. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikalikaza sharti hilo.

Haya yanatuhusu sisi. Msitu wa Kakamega ni masalio ya misitu mikubwa ya mvua ya Kongo. Mama auzaye mizizi ya mukombero sokoni anayo elimu aliyorithi kwa wazee. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaiagiza Serikali kuilinda elimu hiyo. Je, ni nani aliyemweleza?

Hapo ndipo tunapovidai vituo hivi. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo, kisha hulala kabatini. Wahenga walisema: mla cha mwenziwe na chake huliwa. Basi kila ripoti tuiulize: nani aliigharimia? Nani aliulizwa? Matokeo yalirudi kwa nani?

Tunaomba kila parokia na kila kikundi kiteue wasomaji wawili, wazitafute ripoti hizo na kuzieleza kwa lugha ya nyumbani. Serikali ikizificha zilizo mikononi mwake, ibara ya 35 inatupa haki ya kuzidai.

Vyama vingi tulivipigania. Maarifa nayo tuyapiganie.

Mungu awabariki.