Wimbo wa Kuinua Moyo wa Mama

Mazungumzo ya dakika kumi na mbili
Wasikilizaji: akina mama na walezi

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha upungue polepole)

Karibuni tena katika mazungumzo yetu ya afya ya mama na mtoto. Nakusalimu wewe mama unayenyonyesha, wewe mjamzito unayehesabu wiki, wewe nyanya unayelea mjukuu, na wewe dada wa kazi unayebaki na mtoto mamake akienda kibaruani. Nawe baba, usitoke nje. Mazungumzo haya ni yako pia.

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa lishe. Tunazungumza juu ya nyimbo: jinsi ya kupata wimbo unaoinua moyo, jinsi ya kumpa mwenzako wimbo huo, na jinsi ya kujua wakati ambapo wimbo peke yake hautoshi. Najua mmoja wenu anacheka huko jikoni. Anasema, "Sista ameishiwa na mambo ya kusema." Subiri kidogo, mama. Nitakueleza kwa nini nimelichagua jambo hili.

Katika eneo ninalohudumia kulikuwa na mama aliyejulikana kwa kuimba. Ukipita karibu na nyumba yake asubuhi ungesikia redio, na sauti yake juu ya redio. Alipojifungua mtoto wake wa pili nilimtembelea. Nikampima mtoto, uzito ulikuwa mzuri. Nikatazama kitovu, kimekauka. Nikatazama kijitabu cha kliniki, nikamsifu mama, nikaaga. Nilikaa pale kama robo saa, na macho yangu yote yalikuwa kwa mtoto.

Niliporudi wiki tatu baadaye, jirani yake alinisimamisha njiani. Akaniambia, "Sista, huyu mwenzetu haimbi tena. Hata redio haiwashi." Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata siku ile ya kwanza nyumba ilikuwa kimya, nami sikuuliza. Nilikuwa nimempima mtoto nikamsahau mama.

Tuliketi, jirani akiwepo. Yule jirani hakumhubiria. Alitoa simu yake, akacheza wimbo mmoja wa polepole ambao wawili hao waliupenda tangu zamani. Mama akasikiliza, akalia. Halafu akaanza kusema. Alisema halali hata mtoto akilala. Alisema anamwosha mtoto na kumnyonyesha kama mtu anayefanya kazi ya mwingine. Alisema anaona aibu, kwa sababu watu wanakuja na sukari na sabuni kumpongeza, naye ndani hana furaha yoyote.

Mama mwenzangu, huo ulikuwa ugonjwa, wala haukuwa uvivu au utovu wa shukrani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya hayo ni ugonjwa wa huzuni, ambao wengine huuita sonona. Tazama foleni ya kliniki wakati mwingine ukienda. Hesabu akina mama watano kwenye benchi. Huenda mmoja wao anaumwa, na hakuna anayejua.

(Muziki mfupi)

Sasa tuanze na wimbo wenyewe. Unamsaidiaje mama?

Kwanza, kuimba ni kupumua. Ukiimba unavuta pumzi ndefu, unaiachilia polepole. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kifua kikienda mbio. Ukiimba mistari mitatu au minne, pumzi hutulia na mwili hufuata.

Pili, mtoto wako anaijua sauti yako. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba mtoto husikia akiwa tumboni, na mwaka 1980 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mtoto mchanga wa siku chache tu hupendelea sauti ya mamake kuliko ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo usiseme, "Mimi sina sauti." Kwa mtoto wako hakuna mwimbaji anayekushinda.

Tatu, wimbo humtuliza mtoto kuliko maneno matupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, waliwachukua watoto wa miezi sita hadi tisa wakawachezea wimbo wa Kituruki, lugha ambayo watoto hao hawakuizoea. Waliosikia wimbo walikaa watulivu kwa wastani wa dakika tisa kabla ya kuanza kulalamika. Waliosikia mtu akizungumza tu walikaa kama dakika nne. Mama aliye peke yake, na sufuria iko jikoni, anajua thamani ya hizo dakika tano.

Nne, kuimba pamoja huharakisha nafuu. Huko London, Uingereza, akina mama 134 waliokuwa na dalili za huzuni baada ya kujifungua waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja liliimba pamoja na watoto wao kila wiki kwa wiki kumi, wakajifunza nyimbo na kutunga zao wenyewe kuhusu ulezi. Kundi la pili lilikutana kucheza na watoto bila kuimba. La tatu lilipata huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Miongoni mwa akina mama wenye dalili za kadiri na kali, waimbaji walipata nafuu mapema zaidi. Wenzao pia walipata nafuu, lakini walichelewa. Na kwa mtoto mchanga, wiki nne za mama mwenye huzuni ni muda mrefu sana.

(Muziki mfupi)

Utaupataje wimbo wako? Watu wengi hukosea hapa. Mtu ana huzuni, tunamfungulia muziki wa harusi kwa sauti kubwa, tunamwambia, "Changamka!" Wimbo kama huo humfanya ajione ameachwa nyuma zaidi. Wataalamu wa tiba ya muziki hufanya tofauti. Huanza na wimbo unaolingana na hali ya mtu, kisha humpandisha hatua kwa hatua. Nawe fanya hivyo. Chagua nyimbo tatu.

Wa kwanza ni wimbo wa kukaa nawe. Huu ni wa polepole, usiokudai kitu. Kwa mfano, kuna wimbo wa Mkenya Ayub Ogada uitwao Kothbiro, yaani "mvua inakuja" kwa Kijaluo. Ni nyatiti na sauti tulivu, hakuna kelele. Ogada alikwenda Uingereza miaka ya 1980, akawa anapiga nyatiti yake kwenye vituo vya treni mjini London. Mwaka 1993 akatoa albamu iliyokuwa na wimbo huo, na mwaka 2005 ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener. Alifariki mwaka 2019, lakini wimbo bado unapita kutoka mtu hadi mtu. Wengi wanaoupenda hawajui neno hata moja la Kijaluo. Ninautaja ili ujue kwamba wimbo wa kukufaa si lazima uwe ule unaopigwa kila saa kwenye matatu. Wanamuziki wetu wengi wasio na kampuni kubwa nyuma yao wana nyimbo tulivu sana. Uliza vijana wa nyumbani, wao huzijua. Waombe wakuwekee mbili tatu kwenye simu.

Wa pili ni wimbo wa kukunyanyua. Una mwendo kidogo, kichwa kinaanza kutikisika chenyewe. Mara nyingi ni wimbo wa zamani: wa shuleni, wa kanisani, kaswida ya madrasa, au ule mamako alioimba akipepeta mahindi. Usiuchague kwa sababu ni mpya. Uchague kwa sababu unakukumbusha ulikuwa nani kabla ya kuchoka.

Wa tatu ni wimbo wa kukusimamisha. Huu ndio wa kufunga leso kiunoni na kucheza na mtoto mkononi, hata dakika tatu tu.

Zisikilize kwa mpangilio huo. Kuna siku utafika wa tatu. Kuna siku utaishia wa kwanza, na hiyo si dhambi. Na kama kuna wimbo unaokurudisha kwenye jambo baya, labda msiba au mtu aliyekuumiza, uweke kando kwa sasa hata kama zamani uliupenda.

Angalizo la masikio: usiweke redio au simu karibu na kichwa cha mtoto. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, muziki umezidi, punguza. Mtoto asivalishwe vifaa vya kusikilizia vya masikioni. Wala redio isiachiwe kulea. Mtoto anahitaji uso wako pamoja na sauti.

Sasa, jinsi ya kumpa mwenzako wimbo. Usimtumie nyimbo ishirini kwa simu, hatasikiliza hata mmoja. Mpe mmoja. Mwambie kwa nini: "Wimbo huu ulinisaidia mwanangu alipokuwa haleti usingizi, nikakukumbuka." Ukiweza, usitume. Nenda. Chukua sufuria ya uji, keti naye, sikilizeni pamoja, halafu nyamaza. Umwache aseme akitaka. Yule jirani niliyewaambia alifanya hivyo tu, na alifanikiwa pale ambapo mimi na mizani yangu tulishindwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama mna chama, anzeni mkutano kwa wimbo mmoja, na watoto wawe mapajani. Kila wiki mama mmoja alete wimbo wake. Asiyekuja wiki mbili mfululizo, mtafuteni.

(Muziki mfupi)

Nimefika kwenye jambo kubwa la leo, nisikilize vizuri.

Siku chache baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu. Hii ni kawaida, na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Lakini ikiwa huzuni imepita wiki mbili, jiulize swali hili: wimbo niliokuwa nikiupenda, bado unanigusa? Ikiwa unausikia kama kelele tu, na chakula hakina ladha, usingizi haupatikani hata mtoto akilala, hucheki, huna hamu na mtoto, unajiona huna maana, basi wimbo umekwisha kazi yake. Umekuonyesha kwamba unahitaji matibabu.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii. Usingoje siku ya chanjo. Mhudumu aliyefunzwa anaweza kukuuliza maswali kumi mafupi ambayo hutumika katika nchi nyingi. Mojawapo huuliza kama bado unaweza kucheka na kuona mambo ya kuchekesha. Jibu ukweli. Hakuna atakayekunyang'anya mtoto kwa sababu umesema una huzuni. Kuna ushauri nasaha, na zipo dawa ambazo mama anaweza kutumia huku akinyonyesha. Daktari ndiye wa kuzichagua. Usinunue mwenyewe dukani.

Na kuna dalili za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana: mama akiwaza kujiua au kumdhuru mtoto, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akisema mambo yasiyoeleweka, au akikaa siku kadhaa bila kulala na bila kuonekana amechoka. Huyo asiachwe peke yake na mtoto. Msimwite mwendawazimu, wala msianze kutafuta nani kamroga. Mpelekeni hospitali.

Mama yule wa mtaani kwetu alikubali kwenda kliniki siku iliyofuata, jirani akambebea mtoto. Alianza ushauri nasaha. Haikuwa safari ya siku moja. Kuna wiki alirudi nyuma. Sikumbuki ni mwezi gani redio iliwashwa tena, ila nakumbuka asubuhi nilipopita nikasikia sauti mbili ndani: yake, na ya mtoto akijaribu kumfuata. Tangu hapo, nikiingia nyumba ya mama aliyejifungua, kabla sijafungua mizani humuuliza, "Mama, siku hizi unaimba nini?"

Muulize jirani yako leo.

Mambo ya kukumbuka

1. Imba na mtoto wako kila siku, hata kama unadhani huna sauti.
2. Anza na wimbo unaolingana na hali yako, kisha panda polepole.
3. Mpe mwenzako wimbo mmoja, na ikiwezekana keti naye.
4. Huzuni ikipita wiki mbili, nenda kituo cha afya.
5. Mama akitaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni wimbo gani mama yako alikuimbia? Unaweza kuuimba sasa?
2. Ni nani katika kikundi hiki hatujasikia sauti yake siku hizi?
3. Baba na nyanya wanaweza kufanya nini ili mama apate usingizi na nafasi ya kupumzika?

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Kwaherini hadi wiki ijayo, Mungu akipenda.

(Muziki wa kufunga)