KUVUMWANI NA UNYEVU WA MISITU YETU
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Kiembe Samaki)



Apitaye Kiembe Samaki baada ya mvua za masika huona kijani kimetanda upande mmoja wa shina la muembe, juu ya ukingo wa kisima cha zamani na chini ya bomba linalovuja. Wengi hukidhania kuwa ni uchafu. Mara nyingi hiyo ni kuvumwani, mmea kamili usio na maua wala mizizi ya kweli, unaonywa maji kwa majani yake. Duniani zimetambuliwa aina zipatazo 12,000.

Mmea huu hauwezi kutenganishwa na maji. Hata katika kuzaana kwake, chembe ya kiume hulazimika kuogelea hadi kulifikia yai. Ukikauka husinyaa; aina nyingi zikirowa hufufuka.

Mtu angetaraji kuwa misitu ya mwambao, yenye joto na mvua, ndiyo yenye kuvumwani nyingi kuliko yote. Sivyo. Wataalamu wengi hueleza kuwa usiku wa joto huufanya mmea utumie chakula ulichokitengeneza mchana, na jua la asubuhi huukausha mapema. Kuvumwani hustawi zaidi milimani, penye baridi na ukungu. Katika milima ya Uluguru, ambako huanzia Mto Ruvu unaoipatia maji Dar es Salaam, mtaalamu wa Kihangari Tamás Pócs alipima mimea iotayo juu ya miti, kuvumwani ikiwa sehemu yake kubwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1980 yalionesha kuwa msitu wa ukungu wa kileleni ulibeba karibu tani 14 za mimea hiyo, ikiwa mikavu, kwa kila hekta. Msitu wa chini yake tani 2 tu. Mvua moja iliweza kuachia hapo kileleni lita 50,000 kwa hekta.

Unguja haina milima. Kuvumwani yake ni ile yenye kuvumilia joto, kama vile jamii ya Calymperes, ambayo huota vichipukizi kwenye ncha za majani na kuenea bila ya kungojea spora, na Octoblepharum albidum yenye weupe, ipendayo mashina ya minazi. Katika uwanda wa maweni hujificha nyufani na kwenye midomo ya mapango. Jozani, ambako maji ya ardhini yako karibu na mitondoo na mikadi hutia kivuli, ndiko inakopata makaazi mema.

Isidhaniwe kuwa kuvumwani ndiyo inayozijaza chemchem za Bububu, ambazo Seyyid Barghash (1870–1888) aliziunganisha na mji kwa mfereji. Kazi hiyo ni ya mvua, udongo na msitu wa Masingini kwa jumla. Lakini mti wa kivuli ukikatwa, kuvumwani iliyo chini yake hukauka miongoni mwa mimea ya mwanzo, kabla kisima hakijapungua, na anayeijua hupata habari mapema.

Kwa hiyo mwenye kutafuta kuni aliache gogo bovu lenye kijani pale lilipo, na mti unaolifunika usiguswe. Ama afisi ambayo ukuta wake ni wa kijani mwaka mzima, fundi aitwe kwanza autazame mfereji wa paa, ndipo ukuta ukwanguliwe na kupakwa chokaa.