Tusivunje Bima kwa Pupa

Ndugu Makatibu na Wanachama,

Malipo ya mazao yakichelewa na karo za watoto zikifika, baadhi yetu hukimbilia kuvunja bima ya maisha ya miaka 20. Yafaa ieleweke kwamba ada za miaka ya mwanzo huishia katika ujira wa wakala, gharama za ofisi na kinga yenyewe. Kwa hiyo avunjaye mapema hurudishiwa pungufu ya alichotoa, pengine asipate kitu. Na akifa kesho, warithi wake hawana dai.

Ndugu Katibu, kabla hujamwandikia mwanachama barua ya kuvunja, soma naye mkataba. Kisha aulize: je, aweza kukopa kwa dhamana ya hati hiyo? Au aweza kusimamisha ada, bima ikabaki kwa kiasi kilichopunguzwa? Shida ya mwezi mmoja isile akiba ya mayatima.