Safari ya Kwenda na Kurudi Siku Moja

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa mahali pake, na daftari na kalamu viko tayari. Somo letu la leo ni la kusoma na la hesabu pamoja. Tutajifunza namna ya kusafiri asubuhi na kurudi nyumbani jioni, bila ya kulala njiani na bila ya kupotewa na gari.

Katika nchi za Ulaya iko miji mingi ya pwani ambayo watu huiendea kupumzika. Mmojawapo ni Ostend, katika nchi ya Ubelgiji. Mgeni aliyepanga chumba Ostend hana haja ya gari lake mwenyewe. Asubuhi hupanda tramu. Tramu ni gari la abiria liendalo kwa umeme juu ya reli, na mara nyingi reli hiyo hupita katika barabara za mji. Tramu ya Ubelgiji hufuata ufuko wa bahari mwendo wa kilometa 67 hivi. Mgeni hushuka mji aupendao, akatembea, akala, na jioni akarudi chumbani kwake.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mombasa ya zamani ilikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya reli nyembamba, navyo vilisukumwa na watu. Addis Ababa, Ethiopia, ilipata reli ya umeme ya mjini mwaka 2015. Songea hatuna tramu. Lakini tunalo basi, na tunalo ziwa. Basi likifika na kuondoka kwa saa inayojulikana, nawe ukaijua saa hiyo, umepata kile kile anachokipata mgeni wa Ostend.

Haya, na tusafiri. Kutoka Songea mpaka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, ni kiasi cha kilometa 170. Zamani njia hii ilikuwa taabu tupu, hasa wakati wa mvua. Siku hizi ni lami. Tunaondoka mjini kwa kuelekea upande wa Peramiho, ambako Wamisionari Wabenediktini walianza kazi mwaka 1898. Tunaendelea mpaka Mbinga, nchi ya kahawa.

Tukiwa nchi ya Wamatengo, tazameni milimani. Mtaona mashamba yenye mashimo mengi yaliyopangwa kama sega la nyuki. Hayo ndiyo ngoro. Mkulima hufyeka majani, akayalaza kwa mistari inayokatana, kisha akayafunika kwa udongo. Katikati hubaki shimo. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni badala ya kuporomoka na udongo. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Wamatengo wamelima hivyo zaidi ya miaka 100, na watu wa elimu ya kilimo kutoka nchi za mbali wamekuja kujifunza kwao.

Baada ya Mbinga tunateremka, na mwisho tunaliona ziwa. Ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika kiasi cha meta 700. Samaki wake ni wa aina mamia, na wengi wao hawapatikani penginepo po pote duniani. Ng'ambo yake ni Malawi. Ufuko wa Mbamba Bay ni mchanga mzuri, lakini kabla ya kuoga waulizeni wenyeji mahali palipo salama, kwa maana ziwani kuna mamba, na penginepo kuna kichocho.

Mwenye nafasi siku nyingine aende Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa linalofanana na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba. Hapo, mwezi Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann. Hivyo vita kuu ya Ulaya ilifika katika ziwa letu mapema kabisa.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tufikirie mama mmoja wa Bombambili, hapa Songea. Amezaa na kulea watoto, na sasa ana wajukuu, wala hajapata kuliona Ziwa Nyasa. Ameanza kisomo cha watu wazima. Siku moja akaweka akiba ya nauli, akamchukua mjukuu wake, wakapanda basi la saa 12 asubuhi. Safari ikachukua saa 4, wakafika Mbamba Bay saa 4 asubuhi. Mama alifanya jambo la busara: kabla ya kwenda ufukoni alikata kwanza tiketi za kurudi. Kisha wakaenda kuliona ziwa, wakala usipa wa kukaanga, mtoto akacheza mchangani.

Karibu nao aliketi bwana mmoja anayesafiri kwa basi lile lile. Mama alipotaka kuondoka, bwana yule akamwambia:

"Kaa, mama. Haraka ya nini? Gari letu ni la saa 10 jioni."

Bwana yule hakuwa mwongo. Tiketi iliandikwa 14:00. Yeye aliona ile 4, akadhani ni saa nne ya Kizungu, yaani saa 10 yetu. Mama naye angaliweza kukaa. Lakini alifungua kitambaa chake, akatoa tiketi, akaisoma polepole. Kisha akasema:

"Baba, hebu tutazame pamoja. Hapa imeandikwa 14. Mwalimu alitufundisha kutoa 6. Kumi na nne toa sita, inabaki nane. Gari letu ni saa 8, na sasa ni saa 8 kasoro robo."

Bwana akaitazama tiketi yake, akainuka mara moja. Wote watatu wakakaza mwendo mpaka kituoni, wakakuta dereva amekwisha kuwasha injini. Saa 12 jioni walikuwa Songea. Kama mama asingalisoma, yeye na mtoto wangalilala ugenini bila ya fedha, na nyumbani watu wangalihangaika usiku kucha.

Haya, chukueni kalamu. Saa nyingi za tiketi na za simu huandikwa kwa kuhesabu tangu usiku wa manane. Sisi tunahesabu tangu alfajiri. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo, andikeni kanuni hii: TOA 6.

10:00, toa 6, ni saa 4 asubuhi.
14:00, toa 6, ni saa 8 mchana.
16:00, toa 6, ni saa 10 jioni.
06:00, toa 6, haibaki kitu: hiyo ni saa 12 asubuhi.

Jibu likizidi 12, toa 12 tena. Kwa mfano 20:00, toa 6, ni 14. Toa 12, ni saa 2 usiku.

Mkikata tiketi, someni mambo manne kabla ya kuondoka dirishani: tarehe, saa, mahali mwendako, na nauli. Nauli za mabasi zina kiwango kilichowekwa na LATRA, basi mtu asikutoze zaidi. Mkiona kosa, semeni pale pale kwa upole. Wapiga debe watapiga kelele nyingi, lakini ninyi someni kwanza kibao cha basi.

Kuuliza si ujinga. Ulizeni siku zote. Lakini wazee walisema, za kuambiwa changanya na za kwako. Mtu asiyejua kusoma hana za kwake za kuchanganya. Ninyi sasa mnazo.

MASWALI

1. Kutoka Songea mpaka Mbamba Bay ni kilometa ngapi?
2. Ngoro humsaidiaje mkulima wakati wa mvua?
3. Kwa nini yule bwana alikosea saa?
4. Tiketi imeandikwa 15:00. Ni saa ngapi kwa saa zetu?
5. Andika sentensi tatu juu ya mahali ambapo ungependa kwenda na kurudi siku moja. Utaondoka saa ngapi, na utarudi saa ngapi?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.