Mpapai Dume na Nondo wa Jioni

(Maneno ya mkulima mmoja kwa kikundi cha wakulima, Bonde la Kerio)

Mimi si mtaalamu. Ni mkulima kama ninyi, nimekuja kusema habari ya mipapai yangu.

Miaka mitatu iliyopita nilifyeka kichaka chote kilicho juu ya shamba, nikachoma makaa. Karo ilikuwa inadaiwa, mnajua mambo hayo. Msimu uliofuata mipapai ilitoa maua mengi, yakaanguka karibu yote. Nikatia mbolea, nikamwagilia maji, wapi! Nikasema ni udongo.

Afisa wa kilimo alipokuja hakuuliza udongo. Aliniambia, "Mzee, kaa hapa jioni uangalie maua."

Mpapai wetu wa kienyeji una dume na jike. Ua la dume lina maji matamu, la jike halina hata tone. Jua likizama huja nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu, anarukaruka hewani bila kutua. Anakunywa kwa dume, anapakwa unga wa ua, kisha anaenda kwa jike akidhani ni dume. Kwa kosa hilo papai linashika! Wachunguzi waliopima mashamba ya papai hapa Kerio waliandika mwaka 2009 kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye kichaka, na hali ya kichaka chenyewe, hubadilisha kazi ya nondo hawa.

Sasa, nondo huyu alikuwa kiwavi kwanza. Mmoja hula majani ya mtandamboo, ule wa miiba na matunda meusi ambayo watoto wetu hula wakichunga mbuzi. Mwingine hula majani ya viazi vitamu. Huyo mnamjua na mnamuua. Mimi niliuza chakula cha watoto wao kwa gunia.

Kosa la pili ni letu sote: tunakata mipapai dume kwa kuwa haizai. Acheni angalau mmoja kwa kila majike 10 au 20. Wenye mbegu za kisasa, zile za ua lenye dume na jike pamoja, hawana shida hii sana. Na dawa msinyunyize jioni.

Nimeacha ukanda wa juu uote tena. Mwaka huu nimevuna, ingawa si kama zamani. Mtandamboo bado uko magotini. Anayetaka kuona, tufuatane leo mpaka kwangu. Saa kumi na mbili na nusu, na tochi zizimwe.